Punda Akitokwa na Udenda, Usimtie Mkono Kinywani

Wengi wa wanaofika Lamu kwa ndege hawatambui kwamba mguu wao wa kwanza huukanyagisha Manda. Uwanja wa ndege uko huko. Abiria huteremka, hubeba mzigo wake hadi gatini, huvuka kwa boti, na akirudi kwao husema alikuwa Lamu. Manda hubaki nyuma kama kituo cha basi. Lakini zunguka hadi Manda Maweni, utakuta watu wanaoishi kwa jasho la jiwe. Huchimba na kuchonga matumbawe ya kujengea nyumba, huchoma chokaa, na kazi ya kuyatoa mawe machimboni hadi ufuoni ni ya punda. Huko punda si mnyama wa kupigwa picha na watalii. Ni lori, ni mkokoteni, na karo ya mtoto hutoka mgongoni mwake.

Ndiyo maana kisa nilichosimuliwa huko na mzee mmoja mchonga mawe kikanikaa moyoni hata nikaona nikilete kwenye ukurasa huu, ingawa Jumapili hii nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kuku.

Mzee huyu alikuwa na punda wawili. Mmoja, jike, ndiye aliyekuwa tegemeo, kwani alizoea njia hata ya kuongozwa hakuhitaji. Siku ya Jumanne punda huyu alikataa majani. Jumatano udenda ukaanza kumning'inia mdomoni kama uzi, akawa akitia mdomo majini wala hamezi, na alipolia sauti ilikuwa nzito, si ile waliyoizoea. Mzee akafikiri kama ambavyo mfuga punda yeyote wa pwani angefikiri: amemeza kitu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini kamba za nailoni, vipande vya nyavu na takataka za ufuoni hazijaisha, na punda mwenye njaa hachagui.

"Nilikunja mkono wa shati," aliniambia, "binti yangu akashika tochi, nami nikaingiza mkono mpaka hapa." Akanionyesha karibu na kiwiko. "Nilipapasa kooni nikitafuta kamba. Sikupata kitu."

Hebu, msomaji mpenzi, itazame mikono ya mtu anayechonga matumbawe tangu ujana wake. Haikosi mchubuko hata siku moja. Na binti wa miaka kumi na mmoja aliyeshika tochi alikuwa ndiye ampaye punda yule makapi kwa kiganja kila jioni, na jioni ile alimpangusa udenda kwa kitambaa kwa kumhurumia.

Majirani walipokuja walikuwa na jibu tayari: pepopunda. Mmoja alisema ni jicho la watu. Ijumaa punda alianza kuyumba miguu ya nyuma, akaanguka, akashindwa kuinuka. Jumamosi asubuhi alikuwa amekufa. Wakamburura hadi kichakani wakamfukia, jambo la busara kuliko kumtupa baharini, na maisha yakaendelea.

Baada ya siku tisa alipita afisa wa mifugo aliyekuja kwa shughuli ya mbuzi. Aliposikia habari za punda aliuliza maswali mawili tu. Je, punda yule aliwahi kung'atwa na mnyama yeyote? Na je, ni nani aliyemgusa mdomo?

Hapo ndipo mzee alipokumbuka kwamba kiasi cha miezi miwili nyuma, usiku, mbwa mgeni asiyejulikana mwenyewe alizuka kijijini akawafukuza punda. Asubuhi punda mmoja alikuwa na kidonda puani. Mzee alikipaka mafuta, kikapona, kikasahaulika.

Tulizungumze kwanza hili la pepopunda, kwani linapoteza watu wengi, na kosa lenyewe si la ujinga. Jina hilo linatamka pepo na punda kwa pumzi moja, na hakika ugonjwa huo unapenda jamii ya punda na farasi kuliko mifugo mingine. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, huingia kupitia jeraha la msumari, la tandiko au la kwato, na sumu yake hukaza misuli. Punda mwenye pepopunda hukakamaa. Miguu hunyooka kama ya meza, masikio husimama, mkia hunyanyuka, taya hufunga, na ukipiga makofi karibu naye hushtuka mwili mzima. Kiwambo cha ndani ya jicho hujitokeza na kufunika sehemu ya mboni. Naye pia hushindwa kula na hutokwa na udenda. Basi mtu akiona udenda na taya, kazi imekwisha, jina limepatikana.

Kichaa cha mbwa nacho huleta udenda, lakini kwa njia nyingine: misuli ya koo hupooza, mate yakabaki bila kumezwa. Sauti hubadilika kwa sababu hiyo hiyo. Miguu ya nyuma huanza kulegea badala ya kukakamaa. Wengine huwa wakali, huuma mti, huuma kamba, hujiuma wenyewe mahali walipong'atwa. Wengine huwa wapole kupita kiasi, wamejiinamia pembeni, na hawa ndio hatari zaidi kwa watu wenye huruma. Wengine hugaagaa kama wenye msokoto wa tumbo. Siku hazizidi saba au kumi tangu dalili ya kwanza, mnyama huwa amekufa.

Nimemsikia daktari wa mifugo akisema kwamba hata wao, waliosoma, hudanganyika. Ng'ombe au punda aliyepooza koo hufanana sana na aliyekwamwa na kitu, na jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni kutia mkono. Ndiyo sababu wanafunzi wa utabibu wa mifugo hufundishwa kwamba mnyama asiyeweza kumeza achukuliwe kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo. Glavu kwanza, mkono baadaye, na ikiwezekana usitie kabisa.

Tofauti kubwa kwa jamaa nyumbani ni hii. Pepopunda haimtoki punda ikamwingia mtu. Wewe na punda wako mnaweza kuipata kutoka udongo ule ule, lakini hamwambukizani. Kichaa humtoka. Virusi vyake hukaa kwenye mate, na huingia kwa meno, au kwa mate kugusa mchubuko, jicho, pua au mdomo. Haki isemwe: ni nadra punda kumwambukiza mtu. Duniani kote, asilimia 99 ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kutoka kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kila mwaka, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Lakini nadra si kamwe, na mkono wenye mchubuko uliozama mateni hadi kiwiko si jambo la kubahatisha.

Ugonjwa huu una hila moja inayouweka mbali na magonjwa mengine ninayoyaandikia hapa. Virusi vikiingia haviendi kwenye damu kama homa nyingine. Hushika mishipa ya fahamu na kupanda nayo polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo, kama mtu apandaye ngazi gizani. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na mara chache mwaka na zaidi. Aliyeng'atwa mguuni ana nafasi zaidi kuliko aliyeng'atwa usoni au mkononi, na kwa kuwa watoto ni wafupi, wao hung'atwa kichwani na shingoni. Muda wote huo mtu ni mzima, anakula, anacheza. Kidonda kimepona. Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili kuanza, iwe kwa mtu au kwa mnyama, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu wote hufa.

Basi tiba yote iko kwenye ule muda wa ngazi. Nami nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye maisha ya mtu.

Kwanza ni maji na sabuni. Dakika kumi na tano kamili, kwa saa, jeraha likioshwa na maji yanayotiririka. Si kusuuza. Virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuvunja, kwa hiyo sabuni ya kufulia ya kawaida ni dawa kubwa kuliko unavyoidhania. Baadaye paka ayodini au spiriti. Usikaze bandeji, na usikubali kidonda kishonwe haraka kabla daktari hajakitazama kwa jicho hilo.

Mtu wa Nairobi akisoma dakika kumi na tano ataona ni jambo jepesi: afungue mfereji. Manda sivyo. Kisiwa kile kina kiu ya tangu jadi. Mji wa Takwa, ambao magofu yake yangali pale, ulihamwa katika karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni maji ya visima kuingia chumvi. Wenyewe walivuka wakaenda Shela. Mpaka leo mwenye nyumba wa Manda huyahesabu maji matamu kwa mtungi. Nilipomwambia mzee habari za dakika kumi na tano alicheka kicheko cha mtu aliyeambiwa aoge kwa maziwa.

Tukafanya hesabu pamoja. Mtungi wa lita 20, ukimiminwa mwembamba, lita moja na theluthi kwa dakika, hufika dakika kumi na tano. Ni mtungi mmoja. Mtu mmoja amimine kwa kata, mwingine asugue kwa sabuni. Na ikiwa umeng'atwa ukiwa ufuoni na mtungi uko mbali, anza na maji ya bahari papo hapo, hata kama sabuni haitoi povu kwa chumvi, kisha umalizie nyumbani na maji matamu. Usingoje.

Yapo mengine ambayo watu hupaka: mafuta ya taa, pilipili ya kusaga, majivu, asidi ya betri, manyoya ya mbwa mwenyewe yaliyochomwa. Yote huchoma nyama na kukifungulia kidonda milango mingine. Wapo pia wanaosema kwamba sisi watu wa Pwani tunajua tangu utotoni mate ya mbwa ni najisi na tunajua namna ya kuyaosha, mara saba na moja kwa udongo. Mambo ya tohara nawaachia masheikh, ambao wanayajua kuliko mimi. Ninalosema ni la jeraha lililo wazi: sabuni na maji ndiyo ya kwanza, na udongo usiingie mle, kwani humo ndimo pepopunda hujificha. Muulize sheikh wako, nina hakika hatakataa.

Pili ni sindano. Hapa kuna hofu ya zamani inayostahili kuzikwa. Wazee wanakumbuka sindano kumi na nne, hata ishirini na moja, za tumboni, na kumbukumbu hiyo huwafanya watu wajifiche. Chanjo ile ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama na imepitwa na wakati. Ya siku hizi hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, na ni chache. Siku ya kwanza huhesabiwa sifuri, halafu siku ya 3 na ya 7, na kwa ratiba nyingine huongezwa ya 14, na pengine ya 28. Daktari ndiye atakayekwambia ratiba ya hospitali yake. Jeraha likiwa baya, au mate yakigusa ngozi iliyochubuka, kunahitajika pia dawa ya kingamwili inayodungwa ndani na kando ya jeraha lenyewe, kwa sababu mwili huhitaji wiki moja na zaidi kujitengenezea ngao yake kutokana na chanjo. Dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Kwa mtu wa Manda, hospitali kubwa ni ya King Fahd mjini Lamu. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, ili usivuke mara mbili, lakini simu isiwe badala ya safari.

Na ukiwa umechelewa? Nenda vilevile. Madhali dalili hazijaanza, ngazi haijaisha. Siku tisa, siku ishirini, mwezi, bado chanjo ina maana.

Kuna kanuni ya siku kumi ambayo watu wengi wameisikia nusu. Mbwa au paka aliyekung'ata, akifungwa na kutazamwa, akibaki mzima siku kumi, basi siku ile alipokung'ata hakuwa na virusi matendeni. Sindano zinaweza kusitishwa kwa amri ya daktari. Lakini sindano huanza siku ile ile, hazingojei zile kumi ziishe. Tena kanuni hiyo ni ya mbwa na paka tu. Haimhusu punda, wala mbuzi, wala ngedere. Kwa mji kama Lamu, unaojulikana kwa paka wake, na ambapo watoto hula samaki huku paka wakingoja miguuni, si vibaya kila mama kuijua.

Je, punda yule wa Manda alikuwa na kichaa? Hili ndilo swali aliloniuliza mzee mara tatu, na hakuna wa kulijibu. Kichaa hakipimwi kwa damu ya mnyama aliye hai kama malaria. Hupimwa kwa kipande cha ubongo baada ya kufa. Mwaka 1903 daktari Mwitaliano, Adelchi Negri, aliona kwa hadubini madoa ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa, na kwa miaka mingi madoa hayo ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Siku hizi ubongo hupakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa, na virusi vikiwapo huonekana viking'aa chini ya hadubini. Hapa Kenya kazi hiyo hufanywa katika maabara kuu ya mifugo ya Kabete, na Pwani kuna kituo cha uchunguzi wa mifugo cha Mariakani. Kichwa hupelekwa katika barafu, kikifungwa mara mbili tatu kisivuje. Lakini nisieleweke vibaya: si kazi yako wala yangu kukata kichwa cha mnyama aliyeshukiwa. Mwite afisa wa mifugo, mzuie mbwa na kunguru wasimguse mzoga, ngoja. Katika joto la Manda, ubongo uliokaa ardhini siku tisa haupimiki tena.

Punda aliyekwisha kuonyesha dalili hatibiwi. Hutengwa, hufungwa mbali na watoto, na daktari huamua mwisho wake. Anayeng'atwa na mbwa wa kushukiwa akiwa hajachanjwa, ushauri wa kawaida ni auawe au atengwe miezi sita chini ya uangalizi, shauri gumu kwa mtu ambaye punda ndiye mshahara wake. Ndiyo maana chanjo ya mapema ni nafuu. Punda huweza kuchanjwa kichaa na pepopunda pia, na mwenye punda hufanya vyema kuulizia zote mbili pamoja. Lamu ina bahati ambayo miji mingi haina: tangu 1987, shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilipofungua kliniki ya punda mjini humo, watu wamezoea kumpeleka punda kwa daktari kama mtu apelekavyo mtoto. Kwa mfugaji wa mbuzi nina neno moja tu: nyama na maziwa ya mnyama aliyeshukiwa yasiingie jikoni, hata kama uchungu wa hasara unakuambia vingine.

Hata hivyo, kumchanja punda ni kufunga dirisha. Mlango ni mbwa. Kichaa hakidumu kwa punda. Punda hufa nacho, mara nyingi bila kukipitisha popote. Kinachokidumisha ni mbwa kumng'ata mbwa. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka hadi mwaka, mnyororo hukatika, na hapo punda, paka, mbuzi na mtoto wote hupona kwa mpigo.

Na kuhusu kisiwa, tunao ushahidi wa karibu, wa ndugu zetu wa Pemba. Watafiti waliufuatilia ugonjwa huo kisiwani humo tangu 2010, mbwa kwa mbwa, jeraha kwa jeraha, na hata kwa kusoma vinasaba vya virusi ili kujua kipi kimezaliwa na kipi. Walikuta minyororo mitano ya maambukizi ikiendelea kwa wakati mmoja. Kampeni ya kuchanja mbwa kisiwa kizima ilipoanza, na ikazidi kufanywa vizuri mwaka hadi mwaka, minyororo yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Watu wakapumua. Chanjo ikalegea, kama kawaida yetu binadamu mvua ikikatika kuuza mwavuli. Mwishoni mwa 2016 kichaa kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, kikakuta mbwa wasio na kinga. Ikabidi kampeni irudishwe, na mlipuko huo wa pili ukazimwa Oktoba 2018.

Habari ya Pemba ina pande mbili na zote zinaihusu Manda. Bahari ni ukuta, na kisiwa kinaweza kuumaliza ugonjwa ambao bara linahangaika nao. Kenya yenyewe ina kichaa kilichothibitishwa tangu 1912, na mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 uliweka lengo la kukiondoa ifikapo 2030. Lakini ukuta wa bahari una mlango, nao ni chombo. Huko Indonesia, kisiwa cha Flores hakikuwa na kichaa hata mara moja hadi mwaka 1997, wavuvi waliposhuka na mbwa waliotoka nao kisiwa cha Buton. Ugonjwa ukaenea Flores nzima. Na kati ya Manda na bara kuna mkondo wa Mkanda tu, mwembamba hata wazee husimulia jinsi ndovu walivyokuwa wakiuvuka.

Nilipokuwa gatini nikingoja boti ya kurudi, nilimwona kijana akimteremsha mbwa mashuani kwa kamba shingoni. Mbwa wa ulinzi, alisema, wa nyumba inayojengwa. Nilimuuliza kama amechanjwa. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema bosi ndiye ajuaye. Nahodha alikuwa amemtoza nauli ya mbwa kama mzigo, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Mimi nadhani hapo ndipo penye kazi, na si kazi ya daktari peke yake. Cheti cha chanjo cha mbwa ni kikaratasi kidogo. Nahodha anayekataa kupakia petroli karibu na jiko anaweza pia kukataa mbwa asiye na cheti, na kamati ya ufuo inaweza kumuunga mkono. Na siku ya kampeni ya chanjo, tusiwaache vibwa vidogo nyumbani kwa kuwaonea huruma. Hao ndio wanaochezewa na watoto kuliko mbwa wakubwa.

Mzee aliposikia maneno ya yule afisa wa mifugo alilala usiku mmoja akifikiri, kisha alfajiri akamshika binti yake mkono wakavuka Lamu. Wote wawili walidungwa. Nilipoonana naye walikuwa wamebakiza sindano moja kila mmoja, na binti alikuwa ameandika tarehe yake kwa chokaa kwenye mlango wa nyumba ili asisahau. Punda wa pili yu mzima. Wamemfunga peke yake nyuma ya nyumba, analishwa kwa ndoo wala si kwa kiganja, na afisa hupita kumtazama kila ajapo kisiwani. Miezi sita ni mingi kwa mtu asiye na kipato kingine, kwa hiyo mzee amekodi punda wa jirani kwa malipo ya nusu ya mawe anayotoa.

"Na huyu akipona ile miezi," aliniuliza, "nitajua kuwa yule wa kwanza hakuwa nacho?"

Nilimwambia hapana. Atajua tu kwamba huyu hakuwa nacho.

Jumapili ijayo: maziwa mabichi na homa ya brusela. Mama mmoja wa Witu ameniandikia akiuliza kwa nini mumewe, mchungaji, hupata homa inayokwenda na kurudi ilhali vipimo vya malaria havionyeshi kitu.